Sukari ya Usingizi

1

Mzee Yoramu Tweve alipokea kikombe cha bati chenye chai iliyotoka jikoni sasa hivi, akainywa yote bila kupuliza, na sisi tukampigia makofi.

Msitucheke. Mtu aliyelala miaka ishirini na miwili ndani ya droo ya barafu, akaamka, akakaa kitako na kuomba chai kwa sauti yake mwenyewe, hata angekunywa mafuta ya taa tungempigia makofi. Mzee Mahenge, fundi wangu wa maabara, mwanamume wa miaka hamsini na minane ambaye sikuwahi kumwona akilia, alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa koti. Mimi nilishika daftari langu na kuwaza jambo moja tu: kama huyu ameamka, mama yangu naye ataamka.

Mzee Tweve alikuwa ametoka droo ya arobaini na moja. Mama alikuwa ya arobaini na mbili.

Nyumba ya Usingizi ilijengwa juu Kitulo, ambako asubuhi za Juni nyasi huvunjika chini ya viatu kwa kuganda. Ilijengwa mwaka ambao kikohozi cheusi kilipita nyanda za juu na dawa haikuwapo. Kilichokuwapo ni sindano ya sorbitoli, ile sukari inayotia utamu kwenye bigijii zisizoozesha meno. Wako wadudu wa nchi za theluji wanaojijaza sukari za jamii hiyo ili wasipasuke wakiganda. Basi wagonjwa mia tatu na kumi na wawili wakajazwa, wakapozwa, wakalazwa kwenye droo wasubiri dawa.

Dawa ya kikohozi ilipatikana mwaka wa sita. Hapo ndipo wakubwa walipong'amua kwamba kuiingiza sukari ile ndani ya seli ni rahisi, kuitoa ndiyo kazi. Ukimpasha joto mtu aliyejaa sorbitoli, seli zake huvuta maji, hufura, hupasuka. Walijaribu kwa watu watatu, kisha wakafunga milango na kuuita uamuzi huo subira.

Mama aliingia akiwa na miaka thelathini na mmoja, mimi nikiwa na kumi na mmoja. Siku ninayoisimulia nilikuwa na thelathini na mitatu. Nilikuwa nimempita mama umri, na kila asubuhi nilisimama mbele ya kioo cha droo yake bila kujua nimwamkieje. Kwetu Busokelo salamu ni kuuliza kama umelala salama. Sikuwahi kuwa na moyo wa kumwuliza hivyo.

2

Kimeng'enya, ile protini iliyoivunja sukari ya Mzee Tweve hata akaamka, hatukukitafuta mbali. Mwezi Machi Mzee Mahenge alitoka kwenye ukumbi wa droo akivua barakoa yake taratibu.

"Dokta," akasema, "humu ndani kuna mtu anagema pombe."

"Nenda nyumbani ukapumzike, Mzee Mahenge."

"Nitakwenda. Lakini kwanza wewe njoo unuse."

Nikanusa. Ilikuwa harufu ya ulanzi, pombe ya mianzi, kali na changa, katika ukumbi wenye nyuzi nne chini ya sifuri ambamo hakuna kilichopaswa kunuka. Ilitoka droo ya arobaini na moja. Mzee Tweve alikuwa mgema wa Makete, na siku ya kulazwa ndugu zake walimwekea mkononi mbeta yake, kile kipande cha mwanzi anachokingia utomvu. Nadhani hakuna muuguzi aliyekuwa na uso wa kuwakatalia. Chachu ilikuwa ndani ya mbeta. Kwa miaka ishirini na miwili ilikuwa inakula sukari ya mwenye nyumba, punje kwa punje, katika baridi ambayo chachu yoyote yenye akili ingekuwa imelala. Vidole vya mzee vilikuwa vimefunikwa unga mweupe, laini.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mzee Mahenge, akarudi nyuma hatua mbili.

Mimi nilisonga mbele. Chachu inayokula sorbitoli kwenye barafu bila kumpasua aliyeibeba ndiyo kitu nilichosomea maisha yangu yote. Tulitafuta katika chembechembe zake ile jeni moja inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja sorbitoli, tukainakili, tukaipandikiza kwenye bakteria wa kawaida wa maabara. Bakteria hawana maswali. Ukiwapa maelekezo wanatengeneza. Wiki ya sita tulikuwa na kimeng'enya kisafi, maji yasiyo na rangi katika chupa ndogo.

Kisha tukakipima tabia. Kazi hiyo haina miujiza. Unaweka kimeng'enya na sukari moja moja ndani ya kichupa cha kioo, na kila kinapovunja chembe, maji humeza mwanga fulani ambao jicho halioni, mashine ikachora mstari unaopanda. Nilichukua kwenye jalada mapishi ya sindano ya zamani na kujaribu kila kilichoandikwa humo. Kwa sorbitoli mstari ulipaa. Kwa manitoli ulijikongoja. Kwa gliseroli ulilala kabisa. Kilifanya kazi kwenye baridi ya kuganda na kilifanya kazi kwenye joto la mwili.

Katika ripoti niliandika kwamba kimeng'enya hiki hakina haja na kitu kingine mwilini. Nikapiga mstari chini ya sentensi hiyo kwa rula.

Mzee Tweve alipoamka, kwaya ya usharika wa bondeni ilipanda kutuimbia. Wakubwa walikuja na magari, wakaniita mama wa Kitulo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikutia maji. Mimi nilikiacha kimeng'enya kiendelee kuzunguka kwenye damu ya mzee baada ya sukari kwisha, kwa kuwa niliamini kikikosa chakula kitajifia chenyewe. Sikukipima tena. Nilikuwa napigwa picha.

3

Siku ya pili mdomo wa Mzee Tweve ulijaa malengelenge.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja tena." Alikuwa amekaa karibu na jiko la mkaa chumbani kwake, amejifunika blanketi, mchangamfu, pumzi yake ikinuka ndizi zilizoiva sana.

"Mdomo unauma?"

Alifikiri kwa adabu. "Wa kule labda unauma. Huu hauumi."

"Wa kule wapi, mzee?"

"Kwenye droo."

Nilikuwa na habari ya kumpa na nilikuwa nimeiahirisha tangu jana yake. Nikavuta kigoda, nikamwambia kwamba mkewe alifariki miaka tisa iliyopita, akiwa bado anamngoja. Nilijiandaa kwa kilio. Yeye alinipigapiga mkono kama mtu anayemtuliza mgeni aliyevunja sahani.

"Ataamka nikiamka," alisema.

"Mzee Tweve, umeshaamka."

"Ndiyo, ndiyo." Alitabasamu, malengelenge yakapasuka, hakujali. "Wewe ni ndoto nzuri. Zilizotangulia hazikuwa na heshima. Zilikuwa zinakuja bila kuamkia."

Kisha mzee akainama kuota moto, akaweka kiganja chote juu ya bati la jiko, na akakiacha pale. Akaendelea kunitazama kwa upendo. Mzee Mahenge ndiye aliyeruka na kumvuta. Harufu ile sitaieleza.

Nilipokuwa namfunga bandeji aliutazama mkono wake kwa udadisi, kisha akaniuliza, "Hii dawa mliyonipa, nani aliionja?"

"Kuonja?"

"Kwetu mgema hampi mtu ulanzi kabla hajanywa funda la kwanza yeye mwenyewe, watu wakimwona. Hata kama mteja ni mtoto wa ndugu yake."

"Ili waone haina sumu."

"Hao ni watu wa mjini wanaosema sumu." Alicheka. "Ni ili anayekunywa asiwe peke yake."

Katika maabara yote hakuna aliyeonja. Nilisikia aibu, aibu ya kweli ya kupandisha joto masikioni, nikamaliza bandeji na kutoka bila kuaga.

4

"Tulipima kila kilichoingizwa mwilini," nilimwambia Mzee Mahenge mchana ule. "Hatukupima kilichokuwamo."

Hakuniuliza maana yake. Alikwenda kabatini, akarudi na kopo la inositoli.

Inositoli ni ndugu wa sorbitoli. Hakuna anayemdunga mtu inositoli ili alale, kwa hiyo haikuwa kwenye jalada. Mwili hujitengenezea, na ubongo huitumia kupeleka habari ndani ya seli: hili ni moto, huyu ni mkeo, hii ni asubuhi. Nikaiweka kichupani, nikadondoshea kimeng'enya changu. Mstari ukalala dakika moja, mbili, tatu. Nilianza kupumua. Dakika ya nne ukainua kichwa na kuanza kupanda, polepole, bila haraka yoyote.

Sorbitoli ikiwapo, hakikuigusa inositoli. Sorbitoli ikiisha, kiligeukia ubongo. Mzee Tweve alikuwa anaona na kusikia kila kitu sawasawa, ila habari zilimfikia bila mhuri. Hakuna kilichomthibitishia kwamba ni kweli. Na kilichokwisha kuvunjwa hakikuwa kinarudi. Vipimo vya damu yake vya siku tatu vilinionyesha hivyo.

Wakubwa walipopata ripoti yangu walikuwa na busara kuliko mimi. Hakuna atakayeamshwa mpaka jeni itengenezwe upya, walisema. Niliwaambia itachukua miezi sita. Wakasema, waliolala hawana haraka.

Asubuhi iliyofuata nilisimama mbele ya droo ya arobaini na mbili na kuona unga mweupe kwenye vidole vya mama.

5

Chachu ilikuwa imevuka. Nilichukua vipimo mara tatu. Mikononi mwake sukari ya usingizi ilikuwa inaelekea kwisha. Kifuani bado ilikuwa imejaa. Mzee Tweve alikuwa ameliwa taratibu, sawasawa mwili mzima, na chachu iliyoingia naye siku ya kwanza. Hii iliyomfikia mama ilikuwa imezoea kazi na ilikuwa na njaa. Sehemu zilizoishiwa sukari zilikuwa zinaanza kuganda na kuchanika.

"Siku ngapi?" aliuliza Mzee Mahenge.

"Nne. Zikizidi sana tano."

"Ukimwacha?"

"Atakufa kuanzia vidoleni."

"Ukimwamsha?"

Sote tulitazama upande wa chumba cha Mzee Tweve. Alikuwa anaimba.

Mama aliniachia neno moja. Aliniambia mlangoni pa nyumba hii, anakohoa, ameshika mabega yangu: "Waambie waniamshe nikiwa na akili zangu. La sivyo waniache." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikaapa. Ningemwacha, ningekuwa nimetii na kumzika. Ningemwamsha, huenda ningevunja kiapo na kupata mama anayeniona njozi. Nilikaa sakafuni kati ya zile droo mbili na kulia kwa sauti, sikujali nani ananisikia.

Baada ya kulia ndipo nilipokumbuka chachu yenyewe ni ya baridi.

Kimeng'enya cha kiumbe wa baridi hakivumilii homa. Nilikipasha kwenye kichupa hadi nyuzi arobaini, na baada ya dakika kumi kilikuwa kimekufa, kimeganda kama yai. Basi ningempa mama kimeng'enya, ningeisubiri sukari ifike mwisho, na kabla hakijageuka ningempandisha homa ya kutengeneza. Dakika kumi tu za nyuzi arobaini.

"Kwenye kichupa," alisema Mzee Mahenge. "Kichupa hakina ubongo, Dokta. Wala ini, wala mafuta ya kujificha."

"Najua. Ndiyo maana nitaonja."

Aliweka chini alichokuwa ameshika. "Wewe huna sukari ya usingizi. Mama yako kitamkuta na chakula. Wewe kitaanza na wewe."

"Nitaingia kwenye maji ya moto dakika hiyo hiyo. Nataka kujua kama homa inakiua ndani ya mtu aliye hai. Hakuna njia nyingine ya kujua kwa siku nne."

"Ipo. Tunaweza kujaribu kwangu. Mimi nimebakiza miaka miwili ya kazi na sina mama."

"Mzee Mahenge, nani aligema?"

Akaenda kuchemsha maji, akiburuta miguu kwa hasira.

Nilijidunga saa nne asubuhi mbele yake, kama mila inavyotaka. Niliingia kwenye pipa la maji ya moto hadi kipimajoto kikaonyesha nyuzi arobaini, nikakaa humo nikitweta huku yeye akihesabu dakika kwa sauti. Alinitoa damu kabla na baada. Katika damu ya pili kimeng'enya kilikuwa kimekufa, hakuna hata chembe iliyofanya kazi. Nilicheka kama mwendawazimu. Nilijikagua: naitwa Tusekile Mwakibinga, leo ni Alhamisi, ninampenda mama yangu. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Mzee Mahenge aliniletea chai. Nikashika kikombe, nikanywa.

"Umeniletea chai iliyopoa," nikamtania. "Unanilipizia kisasi?"

"Nimeichemsha sasa hivi," alisema.

"Baridi ya Kitulo haimsubiri mtu," nilisema, nikaimaliza.

6

Mama aliamshwa Ijumaa, mchana kweupe, jua limejaa dirishani. Sitaeleza saa sita zile. Mstari wa sorbitoli ulishuka kama nilivyouhesabu, na ulipokaribia sifuri tulimfunika mablanketi ya umeme, homa ikapanda, Mzee Mahenge akahesabu. Katika damu yake kimeng'enya kilikufa kikiwa bado kina tonge la sukari mdomoni. Dawa ya kikohozi ilikuwa imeshapita kwenye mshipa. Tukamshusha joto. Tukangoja.

Alifungua macho saa tisa na robo.

Alitazama dari, akatazama dirisha, kisha akanitazama mimi. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alikuwa mdogo mno. Nilikuwa nimesahau kwamba mama yangu alikuwa msichana.

"Dada," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "naomba kitu cha moto. Nimepigwa na baridi mpaka kwenye mifupa."

Nilikwenda mwenyewe jikoni, nikajaza kikombe cha bati kutoka kwenye birika lililokuwa linatokota. Nilikishika kwa kiganja, vidole vyote vimekizunguka, nikatembea nacho ukumbi mzima. Nilijua ninachofanya. Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu cha mwisho, na hakikuhitaji mashine. Nikamnyooshea.

Mama alikigusa kwa ncha za vidole na kuvirudisha kwa haraka, akavitia mdomoni.

"Ala! Unataka kuniunguza, dada?"

Ameamka. Nililisema kwa sauti, nadhani nilipiga kelele: ameamka, ana akili zake, ameamka! Nilimgeukia Mzee Mahenge ili tupige makofi kama mara ya kwanza. Hakupiga makofi. Alikuwa anatazama mkono wangu, na uso wake ulikuwa umevunjika.

"Dokta," akasema polepole, "weka kikombe chini."

"Kwa nini?"

"Kiweke chini. Tafadhali, mwanangu."

Hakuwahi kuniita mwanangu. Ndipo mama alipojiinua kwenye mito, akanipiga mkono kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Kikombe kilianguka, chai ikamwagika sakafuni na kutoa mvuke. Alikishika kiganja changu na kukifungua. Nyama ilikuwa nyekundu na nyeupe, imebabuka mahali penye duara la kikombe. Mama akaanza kuipuliza, fuu, fuu, kama alivyonipuliza nilipokuwa na miaka saba na kushika sufuria ya maharage jikoni Busokelo. Alifika kwenye kifundo cha mkono, kwenye kovu la sufuria ile. Akaacha kupuliza. Akainua macho yake taratibu kutoka kwenye kovu hadi usoni pangu.

"Tusekile?" akasema. "Tusekile wangu? Mwanangu, wamekufanya nini?"

Miaka ishirini na miwili nilikuwa nimelingoja jina hilo kutoka kwenye mdomo huo. Nililisikia vizuri kabisa. Niliona pengo dogo la meno yake ya mbele, niliona machozi yanavyojaa na kumwagika, nikastaajabu jinsi kila kitu kilivyotengenezwa kwa ustadi, hata harufu ya chai, hata jua dirishani. Zilizotangulia hazikuwa nzuri hivi. Mkono haukuniuma.

Nikaketi kando yake na kumpangusa mashavu, kwa upole, kama inavyompasa mtu kumuaga asiyekuwapo.

"Usilie, mama," nikamwambia. "Nikiamka nitakuja kukuamsha."